Ujira wa Kanga

Hapo Nzega, barabara ya Tabora inapokutana na ile itokayo Singida kwenda Shinyanga, Fisi alifungua mgahawa. Mabasi yalisimama usiku na mchana, wasafiri wakashuka kula wali, maharage na michembe. Kanga alipokea wageni, akabeba sinia, akafuta meza. Ngiri alishinda jikoni kwenye moshi, akisonga ugali na kusugua masufuria.

Mwisho wa mwezi Kanga akauliza mshahara.

"Mshahara wako si uko mezani, mwanangu?" Fisi akamjibu. "Wageni wanakuachia ya soda kila siku. Changamka tu."

Kanga akachangamka. Alimchekea Nyani aliyemshika bawa bila ruhusa. Aliyameza matusi ya Chui. Kobe na wanawe aliwaacha wakisubiri, maana Kobe hakuwa na kawaida ya kuacha kitu. Siku mvua ilipokata barabara, alishinda kazini tangu alfajiri na akalala na njaa. Naye Ngiri, ambaye kwangu ndiye aliyedhulumiwa zaidi, hakupata hata hiyo ya soda, kwa kuwa wageni hawakumjua.

Ubishi ukazuka mezani. Chui alisema wahudumu wasipewe kitu, wanadeka. Twiga akasema waongezwe, ni wanyonge. Wakabishana hadi dereva akapiga honi, wote wakimtazama Kanga. Hakuna aliyemgeukia Fisi, aliyekuwa kaunta akihesabu noti.

Punda mzee ndiye aliyeitisha baraza.

"Mwangaluka, wanangu. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Walipatana ujira kwanza, ndipo wakainua mzigo. Posho ya njiani ilikuwa haki yao, na ilipokosekana waliitua mizigo chini. Bakshishi ilikuja juu ya ujira, tajiri akipenda. Wewe Fisi umeufuta ujira, ukabakiza bakshishi, tena inayotoka mfukoni mwa mwingine."

"Nikilipa, bei itapanda na wageni watanikimbia," Fisi akalia.

Bundi akamkumbusha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi na ujira wake kwa maandishi. Fisi hakuwa na karatasi hata moja.

Baraza likaamua: Kanga na Ngiri walipwe kila mwisho wa mwezi, mabasi yaje yasije. Anayependa kuacha bakshishi aitie kwenye kopo moja, na jikoni wapate fungu lao. Bei ya sahani ikapanda shilingi 500. Mabasi yangali yanasimama, na Kobe siku hizi anahudumiwa kwa zamu yake.

Nawe msomaji, ukila ukashiba njiani, acha ulichojaliwa kwa moyo mweupe. Lakini kabla hujapanda basi, muulize mwenye mgahawa anawalipa watu wake shilingi ngapi.