Pumu ya Subaru

Wa kwanza kuchagua kichujio cha hewa cha Subaru yangu hakuwa mimi. Alikuwa panya.

Siku fundi alipofungua lile boksi jeusi la plastiki lililo pembeni ya injini, tulikuta pamba ya godoro, maganda ya karanga na kipande cha risiti ya Luku, vyote vimetandikwa juu ya karatasi ya kichujio kama chumba cha bibi harusi. Mwenyewe alikuwa ametoka. Fundi alikitoa kichujio, akakigongesha kwenye tairi mara tatu, akaanza kuvuta mpira wa kompresa ili akipige upepo.

"Bado kizima hiki, bosi. Kikipigwa upepo kinarudi upya."

Upepo wa kompresa hutoboa karatasi vitundu usivyoviona kwa macho, na vumbi hupita hapo hapo bila kupiga hodi. Hilo nililijua. Nikamwambia aache, nikanunue kingine. Ningeingia duka la kwanza, nikatoa shilingi 25,000 nikapewa cha karatasi kama kile kile, nisingekuwa na la kusimulia leo.

Tatizo ni aina ya gari. Ni Impreza WRX ya tabo, injini yenye cc 1994, ambazo mbele ya mashemeji huwa nazitaja kuwa elfu mbili. Mtu mwenye gari kama hilo hanunui kitu hivi hivi. Hufanya kwanza hesabu. Nami nilikaa barazani na kalamu: injini ya lita mbili, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo. Hizo ni simtanki sita za lita 1,000! Na hapo sijaihesabu tabo, ambayo kazi yake ni kuishindilia hewa kama mpiga debe anavyoshindilia abiria wa Mbagala. Tena petroli haiungui vizuri bila hewa ya uzito wake mara 14.7, maana yake lita moja ya petroli inataka hewa ya lita kama 9,000. Nikamweleza mke wangu hesabu hiyo yote.

"Hiyo hewa inalipiwa?" akauliza.

"Hapana, ni ya bure."

"Basi niachie ya petroli niihesabu mimi."

Kesho yake nikateremka Kariakoo, Gerezani. Kijana wa dukani aliponiuliza gari gani, nikajibu "WRX" kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko duka lenyewe. Hapo akajua amepata mteja. Kile cha karatasi alikirudisha chini ya meza kana kwamba kimemwaibisha, akapanda ngazi, akashuka na kitu chekundu chenye umbo la pia, kitambaa cha pamba kilichobanwa ndani ya wavu, na kofia ya nikeli inayong'aa hadi nikaona pua yangu.

"Kaka, Subaru ya tabo unaivalisha karatasi? Ni kumpandisha bondia ulingoni na barakoa. Hiki kinaongeza farasi 20."

"Hao farasi 20 wanatoka wapi?"

"Wamo humo humo, kaka. Wamekosa hewa tu."

Nikalipa 85,000. Ndani ya pakiti kulikuwa na chupa ndogo ya oili nyekundu na karatasi ya maelezo yenye herufi za ukubwa wa chawa. Maelezo sikuyasoma. Nani asome maelezo ya kichujio?

Ili pia ile ikae, boksi la kiwandani lilibidi ling'olewe lote. Nililibeba nyumbani, nikalitupa nyuma ya jiko, nikamtangazia mke wangu kwamba kitu kile sasa hakina kazi. Naomba maneno hayo yakumbukwe.

Na sauti, jamani! Ukikanyaga mafuta, gari linavuta pumzi: shwiiii. Ukiachia, linashusha: pshhh. Nililizungusha mtaani mara nne jioni hiyo. Watoto walikimbia nyuma yake. Jirani yangu alifunga mtungi wake wa gesi. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimu, alisikiliza kwa huruma akasema, "Mwangalieni huyu, ana pumu."

Ninachokijua sasa, na ambacho farasi wote 20 hawakunieleza, ni kwamba lile boksi baya la plastiki halikuwekwa pale kwa ajili ya panya. Huivuta hewa kutoka mbele, ilipo ya baridi, huipunguzia kelele, kisha huipeleka ikiwa imetulia mbele ya sensa inayoipima. Ile pia yangu inakaa wazi chini ya boneti, jirani na tabo na rejeta, inakunywa joto. Hewa ikitoka nyuzi 30 ikafika nyuzi 60, hupungua uzito kwa karibu asilimia 9. Kwenye foleni ya Ubungo, saa kumi na moja jioni, farasi wangu walikuwa wanavuta mvuke wa sufuria. Taa ikiwaka kijani, gari linapiga shwiiii la kutisha, halafu Noah ya shule inatupita. Lakini niwe mkweli: nilikuwa nimenunua sauti, na sauti nilipewa.

Mwezi wa nane tukaitwa kijijini kwetu, mbele ya Kondoa, kwenye harusi. Lami ilipoisha nikapandisha vioo na kujiambia kwamba hii ndiyo ardhi ya Subaru. Si Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza? Nilichosahau ni kwamba magari yale ya Safari yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, yapumulie juu ya maji na vumbi. Langu lilikuwa linapumulia magotini.

Mjomba wangu alitupokea uani, kaegemea Land Rover 109 yenye umri mkubwa kuliko mimi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona gari lako linakohoa?"

Nikafungua boneti kwa fahari. Ile pia nyekundu ilikuwa ya rangi ya ugoro. Mjomba akalegeza klipu, akaichomoa, akaingiza kidole ndani ya bomba, upande wa injini, upande ambao haukupaswa kuwa na kitu. Kidole kikatoka na vumbi. Mdomo wa ile pia ulikuwa mpana kidogo kuliko bomba, na klipu ilikuwa imeukunja badala ya kuubana. Pamba ilikuwa inachuja kwa bidii mbele, na nyuma mlango uko wazi.

Mjomba hakusema neno. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye Land Rover, akafungua chombo cha chuma chenye bakuli la oili chini yake. Hewa inaingia kwa kasi, akaeleza, inafika juu ya oili, inakata kona ghafla kupanda. Vumbi ni zito, haliwezi kona hiyo, linatumbukia. Linalobaki linanaswa na wavu uliolowa. Akainamisha bakuli: chini yake kulikuwa na tope la kutosha kukandika ukuta.

"Hili lote lingekuwa kwenye silinda," akasema. "Huu ni mchanga, mjomba. Unasaga chuma. Ringi zikiisha utakuwa unajaza oili kuliko petroli."

Ningeishia hapo ningerudi salama. Lakini bakuli lile liliniingia kichwani. Kumbe siri ni oili! Usiku huo niliifua pia yangu kwa sabuni ya unga, nikaianika kwenye waya wa nguo katikati ya vitenge vya mashangazi, na asubuhi nikaichukua ile chupa nyekundu na kuimimina yote. Yote. Pamba ilitaka matone. Mimi niliipa maziko ya kifalme. Mjomba alikuwa msikitini, hakuwepo wa kunishika mkono. Klipu nikaizungushia mpira wa tyubu, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri safari nzima.

Tukirudi, Dodoma tulipita vizuri. Kabla ya Gairo, taa ya injini ikawaka, rangi ya chungwa, na gari likaanza kujikwaa kama mtu aliyevaa kandambili za mwenzake. Kwenye mlima tukapitwa na lori la mahindi. Halafu tukapitwa na bodaboda iliyobeba watu wawili na mbuzi, na yule mbuzi alinitazama machoni muda wote aliokuwa anapita. Mke wangu alifungua mkoba, akatoa karanga, akaniuliza kama farasi wamepungua au wamegoma.

Dar, fundi alichomeka mashine yake na kusoma: P0171, mchanganyiko una petroli kidogo mno kwa hewa iliyopo. Akachomoa sensa ya hewa, akanionyesha uzi wake, mwembamba kama unywele. Uzi huo hupashwa moto kwa umeme, hewa ikipita huupoza, na kompyuta hujua kiasi cha hewa kwa kuangalia umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Wangu ulikuwa umefunikwa na oili nyekundu iliyoshika vumbi, umevaa sweta. Hausikii upepo. Kwa hiyo kila simtanki sita zilizopita, ulihesabu tano.

Akaupulizia dawa yake maalumu bila kuugusa kwa kitambaa, akairudisha sensa, akaishika ile pia kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mjusi kabatini. "Bosi, lete boksi la zamani. Nakuwekea karatasi mpya, habari imekwisha."

Nikampigia mke wangu. Kimya kirefu.

"Lile uliloniambia halina kazi?"

"Ndiyo, lile."

"Njoo uone mwenyewe."

Nyuma ya jiko, ndani ya boksi la hewa la Impreza WRX, juu ya matandiko ya majani makavu, alikuwa ameketi kuku wetu wa kienyeji, amejipanua, ananitazama kwa jicho moja. Chini yake mayai 11. Nilinyoosha mkono, akaudonoa. Boksi la mtumba, nimeulizia Ilala, ni 150,000, na hela ya kulinunua nimeshaimaliza mimi mwenyewe. Mke wangu kahesabu kwenye kalenda ya ukutani: kuku hulalia siku 21, huyu amemaliza 12.

Napanda daladala. Kila asubuhi fundi ananipigia simu, salamu hazimalizi, anauliza, "Vipi bosi, vimetoka?"