Kisamvu cha Delta

Siku shangazi alipotia tui la nazi kwenye msitu wangu wa mikoko, mimi nilikuwa dukani natafuta vanishi. Sikuwepo kumzuia, na hata ningekuwepo sijui ningeanzia wapi. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili atamwelezaje dada ya baba yake kwamba hicho kinachochemka jikoni si kisamvu, ni godoro?

Nirudi nyuma kidogo. Watu wa rika langu hapa Mbagala jioni hucheza bao au drafti. Mimi ugonjwa wangu ni vita vya meli vya kuchezea mezani: vimeli vidogo, dadu, rula, na ubao uliotengenezwa kwa mfano wa pwani ambako mapigano yenyewe yalitokea. Ubao nilioutamani miaka yote ni mmoja tu, delta ya Rufiji, kwetu. Huko ndiko ilikojificha Königsberg, manowari ya Wajerumani, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Wazungu wameandika vitabu chungu nzima juu ya meli hiyo. Mrufiji mwenye ubao wake simjui, nikaona basi niwe mimi.

Balaa la kwanza lilikuwa la hesabu. Nilichagua kipimo cha 1:2400, yaani sentimita moja ubaoni ni mita 24 za kweli. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi, kwa hiyo kwangu inakuwa kama njiti ya kiberiti. Nikafurahi, nikajua delta yote itaenea sebuleni. Nikanunua plaiwudi ya futi nane kwa nne na kuileta kwa mkokoteni, huku nikilalamikia bei hadi kijana wa mkokoteni akaacha kunijibu. (Nahodha wa Königsberg, Max Looff, alitaka boila zake zitengenezwe, basi vipande vikakokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam na kurudishwa, kwa mikono ya maelfu ya watu wetu ambao vitabuni hawana hata jina. Nilipolikumbuka hilo nikamwongezea kijana elfu moja.)

Plaiwudi ikaingia kwa kulazwa ubavu, ikameza nusu ya sebule. Ndipo nikapata akili ya kupima vita vyenyewe. Tarehe 6 Julai 1915 Waingereza walipeleka Severn na Mersey, meli zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, bapa kama sinia. Ziliingia kwa mlango wa Kikunja, zikaanza kupiga mizinga zikiwa karibu kilomita kumi kutoka kwa Mjerumani. Kilomita kumi kwangu mimi ni zaidi ya mita nne. Ubao wangu haufiki mbili na nusu. Maana yake Wajerumani wakae sebuleni, na Waingereza wapige kutoka jikoni, juu ya kigoda, kati ya mtungi wa gesi na ndoo ya maji.

Nikajifariji kwamba hata wenyewe hawakuonana. Katikati kulikuwa na msitu, na ndege zilizotokea Mafia ndizo zilizowapa habari makombora yanaangukia wapi. Kwangu ndege ni Rehema, binti yangu wa darasa la sita. Atasimama mlangoni na kupiga kelele, "Fupi, baba! Ndefu, baba!"

"Baba Rehema," mke wangu akaniita siku ya tatu. Hakuwa amepandisha sauti, na hiyo ndiyo dalili mbaya. "Huu mlango utakaa hapa mpaka lini?"

"Si mlango, ni delta." Nikamsimulia jinsi Waingereza, mwaka 1942 kule Liverpool, walivyoigeuza sakafu ya chumba kuwa bahari ya Atlantiki. Ofisa mmoja, Gilbert Roberts, pamoja na mabinti wa jeshi la majini, walichora njia za meli kwa chaki wakitafuta mbinu ya kuzishinda nyambizi. Mstari wa nyambizi ulikuwa wa kijani ili mchezaji anayechungulia kwenye tundu la turubai asiuone.

"Wale walikuwa vitani," akasema. "Wewe unapigana na nani?"

Sikujibu. Nikaendelea na visiwa. Nilivikata kutoka kwenye lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Vikatoka vizuri, vina kingo na vijito. Kisha nikavipulizia rangi ya kopo. Povu lile na dawa iliyomo kwenye rangi ya kupuliza havikai nyumba moja: visiwa vikaanza kunywea mbele ya macho yangu, vikatoboka, vikabaki mithili ya meno mabovu. Kazi ya wiki mbili ikaisha kabla sijamaliza kutikisa kopo. Safari ya pili nikatumia rangi ya maji, kwa brashi, kama mtu mzima.

Mikoko sasa. Sponji ya godoro iliyokatwakatwa vipande vidogo ikitiwa kijani hufanana na msitu vizuri sana. Nikachukua godoro la mtoto lililokwishastaafu, nikachukua ile rangi ya unga wanayochemshia ukili wa mikeka, na, Mungu anisamehe, nikachukua sufuria. Nikaibandika jikoni moto mdogo, nikatoka kwenda kutafuta vanishi.

Shangazi alikuwa amefika juzi yake kutoka Rufiji kutibiwa mtoto wa jicho. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini mikono yake haijawahi kukaa bure. Akapapasa jikoni, akakuta sufuria ya kitu cha kijani kinachotokota bila tui, akawahurumia watu wa mjini. Akakuna nazi. Niliporudi alikuwa ameketi na mwiko mkononi, uso umekunjamana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kisamvu cha Dar kigumu, nimekichemsha saa nzima hakiivi. Hicho mwakitwanga au mwakikata kwa mkasi?"

Godoro lilikuwa moja na pesa zilikwisha. Nikakamua tui nililoweza, nikaanika, nikabandika. Msitu ukapendeza. Ulikuwa unanukia kama futari.

Looff, wanasema, aliificha meli yake kwa matawi ya miti hata Waingereza wakaitafuta siku arobaini ndipo wakaiona, tarehe 30 Oktoba. Panya wa Mbagala aliipata kwa usiku mmoja. Asubuhi nilikuta upande wote wa mlango wa Simba Uranga umefyekwa, na Königsberg, niliyoichonga kwa wembe kutoka kwenye njiti na kuiwekea mabomba matatu ya pini, haipo. Tuliikuta uvunguni mwa kabati, imetafunwa nyuma.

Shangazi akasikia kilio changu, akaja, akaweka viganja juu ya ubao. Vidole vikatembea polepole kwenye mito, vikapanda kisiwani, vikashuka. "Hapa Kikunja," akasema. "Na huku Simba Uranga, mbona pana upara?" Nywele zilinisimama. Hakuna aliyemwambia.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna kitabu kilichowahi kuniuliza: "Maji yako yamejaa au yamekupwa?"

Nikasema yapo tu.

"Delta haina maji yaliyopo tu. Hiyo siku yenu ya vita, mwezi ngapi?"

Nikapiga hesabu. Tarehe 6 Julai 1915 ilikuwa kama 23 Shaabani 1333. "Maji mafu," akasema. Na 11 Julai, Waingereza waliporudi na kuimaliza? Kama 28, Ramadhani inabisha hodi. "Bamvua, maji makubwa! Ndiyo maana." Nikamweleza kwamba siku ya kwanza meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, ndege ikashindwa kujua kombora lipi la nani, na mara ya pili zikapiga kwa zamu. Akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mtoto.

Jumamosi iliyopita tulicheza kwa mara ya kwanza. Jirani alikuwa Mwingereza, mimi Mjerumani mwenye tezi iliyotafunwa, Rehema angani. Mwamuzi alikuwa shangazi, jicho moja limefungwa bandeji. Kabla dadu haijarushwa akauliza leo mwezi ngapi. Mke wangu, ambaye nilidhani hasikilizi, akajibu kutoka jikoni: "Nane."

"Basi hakuna meli itakayoingia," akasema shangazi.

Severn na Mersey ziko jikoni hadi leo, juu ya kigoda, zinasubiri bamvua.