Jinsi ya Kupata Mtoto Asiyesumbua

Kwanza, usizungumze na mtoto ambaye hajajua kuzungumza. Akikutazama na kusema "ba-ba-ba", kaa kimya. Ukimjibu tu, ataona kumbe inawezekana, na kesho atakuja na jingine. Wako wazazi wanaomsimulia mtoto hata wakimwogesha: hili sikio, huu mguu, leo maji ya vuguvugu. Hao ndio baadaye huulizwa ndani ya daladala iliyojaa kwa nini yule mzee hana meno.

Pili, simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, lakini shirika halijawahi kusonga ugali huku limeng'ang'aniwa khanga. Uzuri wa katuni ni kwamba zinaongea mfululizo na hazisubiri jibu. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle, Marekani, walieleza kuwa watoto wa miezi 9 waliocheza na mtu anayezungumza Kichina walianza kuzipambanua sauti za lugha hiyo. Wenzao waliooneshwa mazungumzo yaleyale kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Basi weka bando la kutosha: atasikia maneno kutwa nzima bila hatari ya kujifunza.

Nawe shika simu yako. Mwanasaikolojia Edward Tronick, katika miaka ya 1970, aliwaomba akina mama wawatazame watoto wao kwa uso mkavu, bila kuitikia lolote. Watoto wakatabasamu, wakanyoosha mikono, wakalia, mwisho wakageukia pembeni. Dakika chache tu hizo! Hebu fikiria jioni nzima ya kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Tena wale waliombwa, sisi tunajitolea.

Akianza "kwa nini", jibu ni "nyamaza". Mgeni akimuuliza jina, jibu wewe, kisha ulalamike kuwa mtoto haongei.

Ila jihadhari na bibi. Bibi huuliza, husubiri, hupokea miguno kama jibu kamili, kisha husema, "Eti eeh? Ikawaje?" Likizo moja tu kwake, mtoto anarudi anatega vitendawili.

Siku mwalimu wa chekechea atakapokuita kukwambia mwanao haitikii akisemeshwa, mkaripie. Kazi ya kuongea naye ni yake. Ada si umelipa?