Sifa za Mlio wa Alternata

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanapohesabiwa waliolifaa taifa la wapenda redio, hatajwi hata mara moja mlio wa alternata: ule wiiii unaozaliwa gari linapowashwa Likoni, ukasindikiza abiria hadi Ukunda, na Msambweni ukafika haujakauka koo. Makanga huufunika kwa kuongeza muziki. Fundi waya huuita ugonjwa. Sisi wachache wenye leseni ya redio ya ridhaa, tuliojifungia eriali ndefu garini tukitaraji kuzungumza na Colombo au Pretoria huku tukipita Gazi, tumeutukana kwa maneno ambayo Mamlaka ya Mawasiliano isingependa kuyasikia hewani. Leo naja kuutetea, nikianza na ukoo kama ilivyo ada ya kumsifu mwungwana.

Kwenye ukoo huo yupo binamu yake, cheche ya plagi, na nasaba ya cheche haina mfano. Heinrich Hertz alipothibitisha kuwa mawimbi ya redio yapo, miaka ya 1880 huko Ujerumani, alirusha cheche kati ya vifundo viwili vya chuma. Meli ya Titanic, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, iliomba msaada kwa mtambo wa cheche. Baadaye mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku mitambo hiyo kwa sababu ilimwaga mawimbi kila mahali bila kuchagua masafa. Cheche haikukubali kustaafu. Ilihamia chini ya boneti, na leo kila tuktuk ya petroli inayogeuza pale Ukunda kuelekea Diani inaendeleza kazi ya mababu. Injini ya petroli yenye pistoni 4, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupiga cheche 100 kila sekunde. Hizo ni matangazo 100 yasiyolipiwa leseni, na waya za plagi ndizo eriali yake. Mafundi huibana kwa plagi zenye ukinzani wa omu 5,000 hivi ndani yake. Gari la dizeli halina cheche, maskini, lakini halikuachwa yatima: alternata linayo.

Sauti je? Alternata nyingi za magari madogo zina ncha 12 za sumaku na nyaya za makundi matatu. Umeme wake huzaliwa ukienda na kurudi, kisha dayodi huunyoosha ili ufae betri. Kuunyoosha huko hakukamiliki. Hubaki viwimbi 36 katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 50 kwa sekunde, na huo ni mwendo wa pole tu, viwimbi hivyo vinakuwa hezi 1,800. Zingatia uungwana huo. Mlio ungeweza kujificha chini sana au juu sana asiusikie mtu. Badala yake umechagua kukaa katikati kabisa ya sauti ya mwanadamu, pale pale ambapo mtu wa Colombo anajaribu kukutajia jina lake.

Na tabia yake ni ya ukweli mtupu. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, ukizima injini unanyamaza. Ni nani mwingine katika gari lile anayekupa taarifa sahihi namna hiyo? Nyani haoni kundule: mwenye redio akisikia kelele hulaumu nyaya za umeme za barabarani, taa za hoteli za ufuoni, hata jua. Hapo mlio humsuta hadharani. Zima injini huku redio ikiwaka. Kelele ikikatika, mshitakiwa ni wewe. Dayodi moja ikifa, mlio hukwaruza na kukoroma, nao huweza kukujulisha kabla betri haijakulaza njiani.

Lakini tendo lake kuu ni kutulaza chini ya magari yetu. Pwani hii upepo wa kusi huleta chumvi, na chumvi hula palipofichika: bolti inayofunga waya wa athi kwenye bodi, bawaba za boneti, mkono wa ekzosi. Umeme unaorudi kwenye betri ukikuta kutu humo, huhangaika, na mahangaiko yake huingia redioni. Bila mlio, ni nani angelala mchangani saa saba mchana, tupa mkononi, akikwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae? Ni nani angejua kwamba bomba la ekzosi, kwa kuwa linaning'inia kwenye mipira, hugeuka eriali ya kelele za injini lisipofungwa kwenye bodi kwa mkanda wa waya wa kusuka? Ni mlio uliotufundisha kutoiba umeme wa redio kwenye tundu la kiberiti, bali kuvuta waya mbili nene hadi kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri, na kuzivisha pete za feraiti.

Mwanafunzi akihitimu, mtihani upo. Kwenye megahezi 14.100 vituo 18 vya ishara duniani hupokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko ukitimia katika dakika 3. Kenya imepewa alama 5Z4B, Afrika Kusini ZS6DN, Sri Lanka 4S7B. Kila kituo hutaja alama yake kwa Morse kisha hupiga mistari minne, ikianzia wati 100, halafu 10, halafu 1, na wa mwisho moja ya kumi ya wati. Anga ikiwa nzuri na gari limetulia, injini ikinguruma, huenda ukaupata hata ule wa mwisho. Gari chafu huishia wa kwanza. Kwa hiyo anayeusikia mstari wa nne anadaiwa shukrani na mlio uliomtesa hadi akafika hapo.

Sifa zangu zina mpaka, hata hivyo. Siku hizi amejitokeza mshindani: chaja ya simu ya bei ya chee inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti, yenye kutoa mchakacho mpana unaofunika masafa baada ya masafa. Wapo wanaotaka kuiweka safu moja na mlio wa alternata. Haiwezekani. Haina nasaba, wala haiutii mguu wa dereva. Injini ikinyamaza, nalo tundu likiwa bado lina umeme, inaendelea kuchakacha. Mlio uuage kwa heshima, kwa feraiti na athi safi. Chaja ichomoe tu.