Shogi za Turubai kwa Boxer ya Mwalimu

Nyumbani kwetu Embu pikipiki hulala sebuleni. Si sisi peke yetu. Karibu kila mwenye pikipiki ya Boxer mtaani huiingiza ndani jioni, maana ukiiacha nje utaamka huna. Kwa hiyo mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu na mimi pia nimezoea kumwita hivyo, alipoamua kwamba likizo ya Agosti angeendesha pikipiki yake mpaka Loiyangalani, ufukweni mwa Ziwa Turkana, safari hiyo ilituhusu wote. Karakana yake ilikuwa kati ya kochi na meza ya kulia. Spana zilikaa mahali pa vijiko. Mimi ni fundi wa cherehani na hufanyia kazi nyumbani, chini ya dirisha, hatua chache tu kutoka pale alipokuwa akimwaga oili. Nguo ya arusi ya watu ilinuka petroli wiki nzima, ikabidi niifue kabla ya kuikabidhi.

Naandika haya kwa sababu naona vijana wa Embu na Meru wanaozitayarisha pikipiki zao kwa safari za mbali wanazidi kuongezeka, na wengi huanzia alipoanzia Mwalimu: kuongeza vyuma.

Boxer ya cc 150 ni chombo cha kazi. Tangu serikali ilipoondoa VAT mwaka 2008 kwa pikipiki zisizofika cc 250, zimejaa upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya. Zinabeba majani chai, muguka wa Mbeere, miraa ya Nyambene, mgonjwa, mbuzi, hata mlango pamoja na fremu yake. Boxer moja ina uzito wa kilo 120 hivi, tangi lake huingia lita kama 11, na injini ina nguvu za farasi 12. Mwalimu alipiga hesabu kwamba hata lita moja ikienda kilomita 40 tu kwa sababu ya mzigo, angetoka Meru, apite Isiolo na Archer's Post, afike Laisamis bila wasiwasi wa petroli. Hesabu hiyo niliikubali, na bado naikubali. Injini haikumsumbua hata siku moja. Kilichomsumbua ni mzigo, na mahali pa kuuweka.

Wazo la masanduku alilitoa kwenye filamu ya ile safari ya mwaka 2007, Ewan McGregor na Charley Boorman walipotoka Scotland hadi kusini kabisa mwa Afrika na kuingia Kenya kupitia Moyale, wakati barabara ile ilikuwa bado mawe na matuta. Walipanda BMW zenye masanduku ya alumini kila upande. Lakini BMW zile zilikuwa na injini inayokaribia cc 1200, tangi la lita 33, na uzito unaokaribia mara mbili ya Boxer hata kabla ya kutiwa mafuta. Sanduku ambalo mashine kama hiyo hailihisi kabisa, huigeuza tabia Boxer. Mwalimu hakuliona hilo. Aliona masanduku, na masanduku tulikuwa nayo.

Watoto wetu wawili wako shule za bweni. Walipofunga shule walirudi na masanduku yao ya bati, yale ya jua kali yenye rangi ya bluu na majina yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Siku ya pili binti yetu aliamka akakuta nguo zake zimekunjwa vizuri juu ya kochi, na sanduku limekwenda mjini kwa fundi wa kuchomelea. La mdogo wake pia. "Baba, hata kuniuliza?" alisema. Mwalimu akamjibu kwamba masanduku yangerudi kabla shule hazijafunguliwa. Yalirudi kweli, nitaeleza yalirudi vipi.

Fundi aliunda keria ya chuma cha pembe, nzito kama mguu wa kitanda, akaichomelea moja kwa moja kwenye fremu ya nyuma. Hakuitoa betri. Yeyote anayepeleka pikipiki kuchomelewa aangalie jambo hili kwa macho yake mwenyewe: nyaya za betri zifunguliwe zote mbili, na kibano cha ardhi cha mashine ya kuchomelea kishikwe karibu kabisa na pale panapochomwa, ili umeme usitafute njia kupitia nyaya za pikipiki. Boxer ilipopigwa teke haikuwaka. Plagi ilikuwa nzima, petroli ilishuka, moto haukuja. CDI, kifaa kinachoipa plagi moto, ilikuwa imeungua. Mpya ilinunuliwa kwa pesa niliyokuwa nimetenga kwa mchango wa chama chetu cha akina mama, na Jumapili hiyo ilinibidi nisimame mbele ya akina mama wenzangu niombe wanisubiri. Niliona uchungu. Pesa ya chama si pesa ya vipuri.

Tukafanya safari ya majaribio kwenda Nkubu, kwa mama mkwe. Nilipanda nyuma. Masanduku tuliyajaza zawadi: mchele wa pishori wa Mwea, sukari, unga, sabuni. Kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya kilomita 120 za kupanda na kushuka, maana barabara inakata mito inayotoka mlimani, mmoja baada ya mwingine, na kila mto una bonde lake. Tulipopita Runyenjes usukani ulianza kucheza. Si kwa nguvu, ni kama mtu anayekataa kwa kichwa polepole. Mwalimu akapunguza mwendo, ukatulia. Akiongeza, unarudi.

Baada ya Chuka kuna mteremko wa daraja la Nithi. Watu wa huku hatulitaji daraja hilo kwa wepesi. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha, na hao hawakuwa wa kwanza. Tuliteremka tukiwa na masanduku mawili yaliyoning'inia nyuma kabisa, mimi nikiwa juu, tairi la mbele likiwa jepesi, na usukani ukitikisika mikononi mwa baba wa watoto wangu. Nilimwambia, "Mwalimu, simama nishuke." Alisimama. Niliuvuka mto kwa miguu, nikapanda mlima ule kwa miguu, yeye akinisubiri juu. Sikuona aibu, na sijutii.

Karibu na Chogoria keria ilikatika. Chuma chenyewe kilikuwa kizima. Fremu ndiyo iliyopasuka, kando tu ya mahali palipochomelewa, kwa sababu bomba jembamba la Boxer lilikuwa limefungwa kwenye chuma kisichopinda hata kidogo, na kila shimo la barabara lilikuja kuishia pale. Sanduku la kulia lililala, komeo likafunguka, na pishori ya Mwea ikamwagika lami nzima. Watoto waliokuwa wakirudi kutoka dukani walitusaidia kukusanya tuliyoweza. Mama mkwe alipokea mchele wenye mchanga, akaupepeta bila kusema neno, akaupika, tukala.

Shemeji yangu ana pikipiki stejini Nkubu. Alizunguka Boxer yetu akiitazama, kisha akaniita mimi, si kaka yake. "Shemeji, umeona ekseli ya nyuma iko wapi? Mzigo ukipita hapo kwenda nyuma, unainua pua. Tairi la mbele likiwa jepesi, usukani haukusikii." Akanionyesha anavyobeba mitungi ya maziwa asubuhi: mmoja kila upande, chini, karibu na vikanyagio vya abiria, imekazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mizani yake ni ya kuning'iniza, ile ya kahawa, na haondoki kabla pande mbili hazijalingana. Hakuna sanduku kwenye pikipiki yake. Nilielewa papo hapo kwamba kazi hiyo ilikuwa yangu. Kinachokaa chini, karibu na katikati, kikakumbatia ubavu bila kuongeza vyuma ni shogi, kama za punda, na shogi hushonwa.

Keria ile ilikatwa. Fremu ikachomelewa upya kwa fundi mwingine, betri ikiwa mezani, na kipande kifupi cha bomba kikiwa kimewekwa ndani ya bomba la fremu penye ufa ili kuipa nguvu.

Turubai nililinunua Gakoromone, soko la Meru, vipande vya turubai kuukuu la lori. Kuukuu ni bora kuliko jipya, kwa sababu limeshalainika na halipasuki kwenye mikunjo. Mikanda nilipata kwa wauzaji wa vipuri vya magari yaliyochakaa. Ni mikanda ya usalama ya viti, na hakuna utepe wa dukani unaoifikia kwa nguvu. Cherehani yangu ni ya miguu, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa maana za umeme ndogo zingeungua mota. Nilitumia sindano namba 18 na uzi wa nailoni. Tabaka mbili za turubai zinapita. Nne zinavunja sindano, na pale zinapokutana nne nilitoboa kwanza kwa msumari wa moto, nikashona kwa mkono. Kila mshono nilipaka nta ya mshumaa. Kitako nilikivika mpira wa tyubu ya lori. Mdomo haukuwekewa zipu, kwa sababu vumbi laini la huko kaskazini huziua zipu. Mdomo unakunjwa mara tatu kuelekea nje, kisha mkanda unakaza.

Mikanda miwili mipana inapita chini ya kiti, si juu yake, ili mpandaji asikalie mshono siku nzima. Mkanda wa tatu unavuta kila mfuko mbele kuelekea kwenye tangi. Huo wa tatu watu wengi huusahau, na ndio unaozuia mzigo kurudi nyuma pikipiki inapopanda mlima. Upana wote haukuzidi usukani. Vyombo vya kazi, ambavyo ni vizito, havikuingia mifukoni. Mwalimu alichukua kipande cha bomba la plastiki lililobaki tulipotengeneza sinki, akaziba ncha zake, akakifunga kwenye gadi ya mbele, spana zikakaa humo na kuongeza uzito pale unapotakiwa.

Tulipojaribu upande wa Kiritiri, mfuko wa kulia uligusa bomba la moshi ukaanza kuungua. Jioni nilitafuta sinia langu la kuchagulia mchele sikulipata. Lilikuwa limekatwa katikati na kufungwa juu ya bomba hilo, likiwa na nafasi ya kidole kati yake na bomba ili hewa ipite. Lilifanya kazi vizuri sana. Nilinunuliwa lingine kabla sijamaliza kulalamika.

Mwalimu alitaka pia kubadilisha spoketi ya mbele aweke yenye meno mengi zaidi, ili injini isilie sana kwenye lami ndefu ya kaskazini. Shemeji alikataa, na alikuwa sahihi: ungepata utulivu Isiolo ukaupoteza kwenye kila kilima chenye mawe, huku klachi ikilipa. Spoki zilikazwa, tyubu zikawa mpya, tairi la nyuma likawa la vipandevipande. Basi.

Alikwenda. Lami ilimfikisha Laisamis, kisha akashika barabara ya kokoto ya kilomita 208 iliyotengenezwa kupitishia mitambo ya umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, akapita South Horr na kufika Sarima, ambako mitambo 365 inazunguka kwenye upepo ambao, alivyonieleza, unaweza kuisukuma Boxer upande wa pili wa njia. Kutoka hapo ni mawe ya volkano mpaka ziwani. Nilipata simu yake ya kwanza kutoka Loiyangalani usiku, na swali langu la kwanza baada ya salamu lilikuwa kuhusu usukani. Haukutikisika. Alikuwa ameanguka kwenye mchanga, pikipiki ikalalia mfuko, na mfuko ukaokoa mguu wake. Sanduku la bati lingeubana. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaenda kuwaambia watoto.

Alirudi shule zikikaribia kufunguliwa. Masanduku ya watoto yalikuwa pembeni ya mlango na matundu ya bolti nyuma, bluu imekwanguka, na jina la binti yetu limefutika nusu. Mwalimu aliyapeleka jua kali, yakabandikwa bati kwa riveti na kupakwa rangi. La mdogo lilikubalika. Binti yetu alilikataa lake waziwazi, na mimi nilisimama upande wake. Alinunuliwa jipya, na kofuli juu yake, kutoka kwenye pesa ya petroli iliyobaki.

Chama nimeshakilipa. Sasa vijana watatu wa steji ya Nkubu wanataka shogi kama zile, na Mwalimu anazungumza kuhusu Moyale. Za sasa nazikata upande wa kulia wembamba zaidi, upana wa vidole vinne, ili zisikaribie moshi kabisa, na kitako nakitia tyubu mara mbili. Turubai liko mezani. Boxer imesogezwa jikoni mpaka nimalize.