Msongamano wa Kahawa Sukari Usiondolewe: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Barabara ya Kenya

Kwa Mwenyekiti na Wanachama wa Bodi,

MINT: PONGEZI KWA KUULINDA MSONGAMANO WA MAGARI, WADI YA KAHAWA SUKARI, RUIRU

Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kukabidhiwa Ushuru wa Matengenezo ya Barabara, yaani fedha anazokatwa kila mnunuzi wa petroli na dizeli papo hapo kwenye pampu, inastahili pongezi ambazo wakazi wa Kahawa Sukari, kwa pupa yao ya kutaka kufika kazini, hawajawahi kuziwasilisha. Ushuru huo ulipanda hadi shilingi 18 kwa lita mwaka 2016, kisha 25 mwaka 2024, na uzuri wake ni kwamba hutozwa kwa lita wala si kwa kilomita. Gari linalokwenda vizuri huisugua lami na kulipa kidogo. Matatu iliyokwama saa moja asubuhi penye njia ya kuingilia barabara kuu, injini ikinguruma, makanga ameshuka kununua njugu kwa mchuuzi anayepenya katikati ya magari, na mbele yake lori la kokoto limekaa mshazari, hulipia barabara ambayo haiitumii. Mlipa kodi wa namna hiyo ni adimu katika taaluma yote ya fedha za umma.

Wanaotaka msongamano uondolewe, kwa hiyo, hawajapiga hesabu. Mwaka 2025 shilingi 7 kati ya hizo 25 ziliwekwa dhamana, maana yake mapato ya miaka ijayo yaliahidiwa ili fedha zipatikane sasa na wakandarasi walipwe malimbikizo ya takriban shilingi bilioni 175. Mafuta ambayo bado hayajatiwa kwenye tangi yana mwenyewe tayari, na dereva atakayefika Nairobi kwa nusu saa atakuwa amemnyima mkopeshaji haki yake.

Ni kweli kwamba serikali iliwahi kuteleza. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Kibaki mwaka 2012 baada ya kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, nyingi zikiwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya China, ilitishia kwa muda kuyafanya magari yatembee. Hatari hiyo ilidhibitiwa. Mwaka 2018 ulichorwa mstari mwekundu kutenga njia ya mabasi ya mwendo wa kasi; rangi ilifika, mabasi hayakufika.

Upande wa uwajibikaji ndio uliobuniwa kwa ustadi zaidi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilizaa mamlaka tatu, moja ya barabara kuu, moja ya mijini na moja ya vijijini, na Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza serikali za kaunti. Shimo linalojaa maji ya mvua ya Aprili pale barabara ya mtaa inapokutana na njia ya kando ya barabara kuu linaweza kuwa la mamlaka hii, au ile, au la Kaunti ya Kiambu, na mlalamikaji huelekezwa kwa adabu kutoka dirisha hadi dirisha mpaka kiangazi kilikaushe. Magavana na wabunge, waliovutana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru huohuo, hawajasikika wakigombania shimo. Vijana wanaolifukia kwa vifusi na kuwanyoshea madereva mkono ndio taasisi pekee inayoonyesha kazi na kupokea malipo mahali pamoja, jambo ambalo bila shaka ni kinyume cha taratibu za ununuzi wa umma.

Iwapo Bodi, licha ya hasara iliyoelezwa, itapenda kujaribu Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inaombwa isimamishe hapo bango moja lenye jina la mwenye barabara, kiasi alichopokea mwaka huu kutoka kwa ushuru, mkandarasi, na tarehe ambayo shimo litazibwa. Itahadhari tu kwamba madereva wa Kahawa Sukari wana muda wa kulisoma lote, hata maandishi madogo.

Majibu yaachwe katika kituo chochote cha mafuta kati ya Githurai na Ruiru, kwa kuwa hizo ndizo ofisi pekee za ushuru huu ambazo wakazi wamezikuta wazi usiku na mchana, na zinatoa risiti.

Nakala: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.