Barua ya Wazi kwa Mamlaka Iliyoniona Tajiri

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA),
Times Tower, Nairobi.

MINT: SHUKRANI KWA KUNIAMINI

Mheshimiwa,

Naandika kutoka Voi, mimi fundi wa nguo na cherehani ambaye pia ni mtayarishaji wa maudhui ya kidijitali. Cheo hicho cha pili sikujipachika. Nilipewa na Bunge kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Kabla ya hapo nilikuwa mtu anayezungumza na simu iliyofungwa kwa mpira kwenye kigoda. Mke wangu alikuwa na jina lake la shughuli hiyo, ila kwa heshima ya ofisi yako sitaliandika hapa.

Sheria hiyo niliisoma mwenyewe, kwa sababu nilisikia imenitaja. Na kweli imenitaja. Inazungumzia burudani, sanaa, elimu na kitu kingine chochote kinachotolewa kwa malipo kwa njia ya kielektroniki. Humo wamo wanaotangaza bidhaa za watu, wanaodhaminiwa, wenye wanachama wa kulipia, na hata wanaochangiwa na mashabiki ili waendelee. Nilipofika kwenye neno elimu nilisimama. Nilijihisi kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye salamu za redio. Katika maisha yangu yote ya kutengeneza video, hakuna taasisi iliyowahi kuketi, ikachukua kalamu, ikanijumuisha.

Labda hujawahi kupita kwenye chaneli yangu, nami sikulaumu, maana hata majirani hawajapita. Ninafundisha kurekebisha cherehani. Sindano ikikatika kila mara, uzi ukijikunja chini ya kitambaa, mashine ikiruka mishono, mkanda ukiteleza, mimi ninaonyesha la kufanya. Sina muziki. Sichezi. Huoni uso wangu, unaona mikono, skrubu na chupa ya mafuta. Video ikienda vizuri hutazamwa na watu 40. Ikienda vibaya hutazamwa na mimi na shemeji, naye shemeji huingia kuhakikisha kwamba ile bisibisi niliyoazima kwake bado iko.

Katika hali hiyo, Mheshimiwa, moyo hupoa. Unapiga picha asubuhi kabla wateja hawajafika, unakatakata usiku taa ikizimika na kuwaka, unapandisha saa saba za usiku bando likiwa la bei nafuu, kisha unalala. Ukiamka unakuta umetazamwa mara 3, na moja kati ya hizo ni wewe ukiangalia kama imepanda. Wanaonipenda walinishauri niache. Wasionipenda walinishauri niongeze bidii. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mashauri yake huyatoa bila kuulizwa na bila kuzima pikipiki, alisema nishone nikiwa juu ya mti.

Ndipo mlipokuja ninyi. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipotoka, ulipendekeza kwamba malipo ya watu kama mimi yakatwe asilimia 15 pale pale, kabla hayajafika mkononi. Kumi na tano! Shemeji huithamini chaneli yangu kwa bei ya bisibisi. Chama chetu cha akiba na mkopo kilipoisikia kilicheka kwa adabu. Lakini wachumi wa serikali, watu wenye shahada na vikokotoo, waliketi katika jiji la Nairobi wakakubaliana kwamba hapa Voi kuna mali ambayo inaweza kutolewa sehemu kumi na tano kwa mia na bado mwenyewe akabaki na kitu. Wiki hiyo nilitoa video mbili.

Wabunge walipoishusha hadi asilimia 5, wenzangu walishangilia. Mimi, sikufichi, niliona kama nimeteremshwa cheo.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana ofisi yako inapenda hesabu. Ili YouTube ianze kumgawia mtu pesa za matangazo, inataka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Njia nyingine ni video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na kwa mtu anayeonyesha jinsi ya kupaka mafuta shina la sindano, tuiache njia hiyo kwa amani. Chukua video yangu ya dakika 8. Watu 40 wakiitazama yote, bila hata mmoja kuondoka, ni dakika 320, yaani saa 5 na dakika 20. Kufikisha saa 4,000 nitahitaji video 750 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya video mbili kila siku, Jumapili ikiwemo, Idi na Krismasi zikiwemo, na Januari pia, ambapo wazazi wote wa Taita Taveta hukumbuka sare za shule siku moja. Nikishavuka hapo, malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Asilimia 5 yenu inanisubiri mbele ya milango hiyo yote, imeketi imetulia. Nimewahi kusubiriwa na watu, Mheshimiwa, lakini si kwa subira ya namna hiyo.

Tena kuna jambo ambalo wachumi wenu huenda hawakulipima. Hakuna anayekaa dakika 8. Tangu mwaka 2012 YouTube imependelea video zinazotazamwa kwa muda mrefu kuliko zile zinazobonyezwa tu, na hiyo kwa mchekeshaji ni haki kabisa. Kwangu ni balaa. Anayekuja kwangu ana mashine iliyogoma na mteja aliyekunja mikono mlangoni. Ananitafuta, ananisogeza mbele kwa kidole, anaona skrubu anayoitaka, anaondoka. Hajanisalimu. Hajabonyeza kengele. Nimemfaa kwa sekunde 50 na takwimu zangu zinasomeka kwamba nimemchosha. Kadiri ninavyoeleza vizuri ndivyo wanavyoondoka mapema, na kadiri wanavyoondoka mapema ndivyo ninavyoonyeshwa kwa wachache zaidi. Ningetaka kutajirika, ningeanza kila video kwa hadithi ya utoto wangu, nikaahidi skrubu, nikaenda kwenye historia ya uzi, nikaahidi skrubu tena, na kwenye dakika ya saba nikaonyesha skrubu isiyo yenyewe ili mtu arudi kesho. Wapo wanaofanya hivyo. Baadhi yao, naamini, ndio mliokuwa mkiwafikiria mlipoandika ile asilimia 15.

Lakini sitaki kuonekana mkaidi wa kulipa. Kwa kuwa pesa bado haijatokea, naomba nilipe kwa mazao. Nina watazamaji 40, na asilimia 5 yao ni watu wawili kamili, bila sehemu ya mtu. Nawakabidhi. Wa kwanza ni shemeji, na bisibisi yake. Wa pili ni mtu ambaye kila nikitoa video huandika «mko sawa» akiwa hajaitazama, maana huandika hivyo dakika ileile ya kwanza. Nakuomba usimkatae. Kuna siku ambazo ni huyo peke yake.

Natambua pia kwamba wakili wa Mamlaka atasema fundi huyu analalamika bure, kwa sababu asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Ni kweli. Na hata nikipata, nitakachokatwa kitahesabiwa kwenye marejesho yangu ya mwaka, basi hasara iko wapi? Ila wakili huyo angenifanyia wema kama angetazama upande wa pili wa daftari. Bando ninalopandishia video lina ushuru wa bidhaa, ambao Sheria hiyohiyo ya 2023 iliuweka asilimia 15, kisha VAT ya asilimia 16 juu yake. Kwa hiyo video yangu inaanza kuilipa serikali kabla haijazaliwa, inailipa usiku ule inapopanda, na ikikwama kwenye asilimia 97 mtandao ukakatika, nikaanza upya, inailipa tena. Watu 40 nao wananitazama kwa bando. Tukiweka pamoja ushuru wao na wangu, chaneli yangu imekuwa ikiingiza pesa miaka yote hii, mpokeaji tu ndiye sikumfahamu.

Kisha kuna Juni. Kila mwenye PIN, awe na kipato au asiwe nacho, anatakiwa kuwasilisha marejesho kufikia tarehe 30, na mwenye kukosa kitu anawasilisha ya sifuri. Asiyefanya hivyo anatozwa faini ya shilingi 2,000. Nimelitafakari sana jambo hili nikiwa juu ya pedali. Mtu anaweza kukosa kabisa, asidaiwe chochote kwa kukosa kwake, halafu akadaiwa 2,000 kwa kutokuja kusema kwamba amekosa. Hata hivyo napenda utaratibu wake. Ukurasa wa takwimu za chaneli na ukurasa wa marejesho ndizo sehemu mbili pekee mtandaoni zinazokubaliana kabisa kunihusu.

Niruhusu swali dogo la fundi. Kuanzia Januari 2021 mliyatoza makampuni ya kigeni ya kidijitali asilimia 1.5 ya mapato yao ya hapa, na Desemba 2024 ushuru huo ukaondolewa, ukawekwa mwingine. Sikatai, ni kazi ngumu kumkamata mtu ambaye ofisi yake iko California. Nilitaka kujua tu nani alipima akaona kwamba fundi wa Voi anastahili 5 wakati mwenye jukwaa alianzia moja na nusu. Kama kipimo kilikuwa ni ukaribu, yaani kwamba mimi ninafikika kwa matatu, nitaelewa.

Kuna mahali sitanii. Juni 2024 vijana wa nchi hii walijaza barabara kwa sababu ya mswada mwingine wa fedha, wakiwa na simu hizihizi ambazo karatasi zenu zinaziona kama mashine za pesa. Wengine walipigwa risasi. Mswada uliondolewa, wao hawakurudi nyumbani. Wakati ule watu walitazamwa na dunia nzima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akifikiria saa 4,000.

Pengine utauliza, basi fundi, kama hupati kitu, mbona huachi? Swali hilo huulizwa na watu wengi, ila wewe ndiye wa kwanza ambaye jibu langu linaweza kukugharimu mapato, kwa hiyo nitalijibu vizuri.

Ile video ya mashine inayoruka mishono niliitoa zamani na ikafa siku hiyohiyo. Usiku mmoja mwisho wa Agosti ikaandikiwa maneno kutoka Bukavu: «Aksanti fundi, mashini inatembea.» Hayo tu. Bukavu sijafika. Ila najua kule shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na watoto wa Kongo huvaa bluu na nyeupe, na najua cherehani ikianza kuruka mishono usiku wa namna hiyo jasho hutoka wapi. Nilijua hata kosa lilikuwa nini, kwa sababu karibu kila mara ni sindano iliyowekwa ikitazama upande usio wake. Mtu huyo hakunifuata. Hakuna tangazo lililomkuta. Hakuna kiasi kilichoingia ambacho mngeweza kukikata. Mahali fulani mtoto alivaa kaptula, basi. Keshoye nilipiga picha mbili.

Ndiyo maana nina maombi machache, na la kwanza linaweza kufanyika bila kubadilisha sheria. Mna watumishi maelfu. Kila mmoja wao akitumia nusu dakika ya mapumziko ya chai kujiunga na chaneli yangu, nitavuka 1,000 kabla ya chakula cha mchana na Mamlaka itakuwa imejizalia mlipaushuru mpya kwa mikono yake. Wakikaa mpaka mwisho wa video kadhaa, tutakuwa tumemaliza na zile saa. Sihitaji waelewe. Waziache tu ziendelee wakati wanapanga mafaili. Na kama hilo ni zito, basi wekeni kiwango fulani cha chini, ambacho mtu akiwa hajakifikia asiguswe, na faini ya 2,000 iwaachilie wale wenye sifuri ya kweli. Sifuri yangu mnaweza kuja kuikagua wakati wowote. Kigoda kipo, chai ipo, na mkaguzi akija na suruali iliyofumuka nitamshonea bure, mradi akubali nimrekodi kuanzia kiunoni kwenda chini.

Wako mtiifu, na kwa kukisia kwako, tajiri,

Fundi wa Cherehani,
Voi.

Tanbihi: Ijumaa natoa video ya bobini inayozunguka bila kujaa uzi. Ina dakika 9. Mwambie katibu wako asiisogeze mbele.